AC kwenye lori la jeshi M35A2: uzoefu wangu baada ya kiangazi kizima

Watu wakisikia lori langu la jeshi lina AC hucheka kwanza, kisha huomba kupanda. Siwalaumu. M35A2 ni lori la Marekani la ekseli tatu zinazovuta zote, ukoo wake ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na AC aliyopewa askari ni kioo cha mbele. Vioo viwili vya mbele vina bawaba kwa juu: unavisukuma chini vitoke nje, unakaza skurubu za pembeni, na upepo unakupiga usoni pamoja na vumbi na wadudu wote wa njiani. Ukitaka baridi zaidi, unalaza fremu nzima juu ya boneti. Kwa kijana wa miaka ishirini mwenye mkubwa wa kumfokea, mpango huo unatosha. Mimi nilichoka siku nilipoteremka kwenye lori na shati linakamulika.

Langu lina paa la chuma, si turubai. Naliweka hili mapema kwa sababu mwenye turubai akisoma hadithi yangu akadhani itamhusu atapoteza muda wake. Kupoza turubai ni sawa na kupoza hema lililotobolewa.

Nilichonunua ni seti ya jumla, ile inayofungwa kwenye matrekta na mitambo ya ujenzi: kompresa (pampu ya kusukuma gesi) ya pistoni saba inayozungushwa na mkanda, evaporeta (sehemu inayopoza hewa ya kabini) ya kuning'iniza chini ya dashibodi yenye feni ya kasi tatu, kondensa (sehemu inayotema joto nje) yenye feni zake mbili, chupa ya kukausha unyevu, hozi na swichi ya presha. Kabla ya hapo nilikuwa nimezitamani zile za umeme zinazokaa juu ya paa, maana zinatumia volti 24 na lori lina volti 24 tangu kiwandani. Hesabu ndiyo iliyonirudisha nyuma. Altaneta ya asili ni ya ampea 60. Kiyoyozi cha paa chenye nguvu ya maana kinaweza kula ampea 30 au 40 kikiwa kinapambana na joto, na altaneta haitoi ampea zake zote injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta. Washa taa juu yake, na betri ndizo zitakazolipa deni. Anayelala ndani ya lori akiwa amelizima, na ana betri za ziada, aende na ya umeme. Mimi naendesha, silali.

Sasa visa. Muuzaji aliandika kwenye boksi "24V", na kweli feni zote zilikuwa za volti 24. Klachi ya kompresa, ile sumaku ya umeme inayoishikisha na mkanda, ilikuwa ya volti 12. Nilijuaje? Kwa harufu. Dakika chache baada ya kuwasha kwa mara ya kwanza, harufu ya vanishi inayoungua ikaja hadi kwenye kiti. Koili (waya uliozungushwa ndani ya klachi) ya volti 12 ukiipima kwa mita inakupa ukinzani wa kama omu 3 au 4. Ya volti 24 inapita omu 10. Kipimo cha nusu dakika, na sikukifanya kwa sababu niliamini maandishi ya boksi. Muuzaji alinitumia koili nyingine baada ya barua nyingi na picha nyingi zaidi, ila wiki tatu zilikwisha.

Mtu mmoja alinishauri nisihangaike, nivute waya wa volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Tafadhali usifanye hivyo. Betri mbili zilizounganishwa mfululizo zinachajiwa kama moja. Ukiinyonya moja tu, hiyo itabaki na njaa siku zote na mwenzake atachajiwa kupita kiasi, mwishowe unazizika zote mbili. Ukihitaji volti 12, weka kifaa cha kushusha umeme kutoka 24. Na kwenye koili ya klachi funga dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu kila klachi inapoachia hurusha mshtuko wa umeme unaorudi kwenye swichi.

Kufunga kompresa yenyewe kulikuwa kazi ya chuma. Hakuna breketi ya dukani kwa injini hii niliyoipata, kwa hiyo tulikata karatasi ngumu, tukapata umbo, tukakata bamba nene, tukachomelea. Breketi ya kwanza ilikuwa nyembamba na ilitetemeka mpaka mkanda ukaruka. Ya pili ina mbavu. Lakini jambo ambalo maelekezo ya seti hayakulitaja kabisa ni mwendo wa injini. Kompresa hizi zimezoea injini za magari madogo zinazofika mizunguko 6,000 kwa dakika. Injini ya M35A2, lita 7.8, imewekewa kikomo cha 2,600, na lori likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta inazunguka kama 700. Kwa puli nilizoletewa, kompresa ilikuwa inazunguka kivivu na hewa ilitoka vuguvugu. Fundi wa mashine ya kukereza alinitengenezea puli kubwa zaidi ya upande wa krenki (mhimili wa injini), ili kompresa izunguke karibu mara 1.8 ya injini. Hapo ndipo nilipopata kitu cha kuita baridi. Kama unafunga kwenye dizeli yoyote ya zamani yenye mwendo wa taratibu, anza na hesabu ya puli kabla hujashika spana.

Kondensa niliiweka mahali ambapo kila mtu angeiweka, mbele ya rediata. Nilikosea. Kondensa inatema joto lote lililotolewa kwenye kabini, pamoja na joto la kazi ya kompresa, na rediata iliyo nyuma yake inapokea hewa ambayo tayari imepikwa. Kwenye mlima mmoja mrefu mshale wa joto la maji, ambao kwa kawaida hukaa karibu na 180 (geji za lori hili zinasoma kwa Farenhaiti), ulipanda ukapita 205 na bado unaendelea. Nilizima AC, nikafungua vioo vya mbele kama askari, nikarudi nyumbani kimya. Wiki iliyofuata nikaihamishia nyuma ya kabini, kwa juu, mbali na matope. Chini ya bodi sikutaka, maana lori hili linavuka maji ya kina cha sentimita 76 bila kifaa chochote cha ziada, na feni za umeme hazijui kuogelea. Pia niliepuka upande wa abiria, kwa sababu bomba la ekzosi limesimama pale pembeni mwa kabini na kondensa haitaki jirani wa namna hiyo.

Ukihamisha hivyo, hozi zinakuwa ndefu, na hapa kuna mtego. Kompresa iko kwenye injini, kondensa iko kwenye kabini, na hivi viwili havitikisiki pamoja. Chasi ya lori hili inajikunja sana kwenye barabara mbovu, ndivyo ilivyobuniwa. Hozi isiyo na ulegevu itachomoka, na yenye ulegevu usioshikiliwa itasuguana na chuma. Yangu ilisuguana. Gesi iliisha ndani ya wiki tatu, na rangi ya kuonesha mivujo ikatupeleka moja kwa moja kwenye tundu la ukuta wa injini, pale ambapo sikuweka mpira wa kuzungushia. Tundu dogo kama ncha ya sindano.

Hadi hapo nilikuwa na mfumo unaofanya kazi. Kipimajoto kwenye tundu la hewa kilisoma nyuzi 10 za Selsiasi, nje ikiwa 36. Na ndani ya kabini? 34. Nilikaa nikiangalia vile vipimo viwili kama mtu aliyetapeliwa. Hewa baridi ilikuwa inatoka, naigusa kwa mkono, lakini kabini haipoi. Nilishaanza kuandika barua kali ya kudai evaporeta kubwa zaidi.

Barua hiyo haikwenda. Usiku mmoja niliweka taa kali ndani ya kabini, nikafunga milango, nikalizunguka lori. Liling'aa kama chekecheke. Mwanga ulitoka chini ya milango, kwenye bawaba za fremu ya kioo, kwenye matundu ya pedali, kuzunguka wenzo wa gia na wenzo wa gia ndogo, hata kwenye tundu za boliti ambazo hakuna anayekumbuka zilishika nini. Kila palipotoka mwanga, mchana palikuwa panaingia hewa ya moto kutoka kwenye injini. Asubuhi nikapima sakafu juu ya giaboksi kwa kipimajoto cha mwanga baada ya safari ya saa moja: nyuzi 62. Nilikuwa najaribu kupoza chumba chenye jiko sakafuni.

Kazi ya kuziba ilichukua muda mrefu kuliko kufunga AC yenyewe, na ndiyo iliyoleta tofauti. Nilitoa viti, nikasugua kutu, nikapaka rangi. Sakafu na ukuta wa injini nikavibandika shiti za mpira mzito wenye karatasi ya alumini, juu yake sponji ya vinyweleo vilivyofungwa, ile isiyonyonya maji. Usitumie zulia la pamba wala sponji ya magodoro. Kabini hii huingiwa na maji, na kitu kinachonyonya kitakuozea sakafu. Wenzo zote zikapata mifuko mipya ya mpira. Milango ikapata mpira mnene. Paa la chuma kwa ndani likapata sponji ya sentimita mbili, na hilo peke yake lilibadilisha mambo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu paa lililopakwa rangi ya kijani isiyong'aa likikaa juani linakuwa kikaango.

Baada ya hapo, seti ile ile, gesi ile ile, nje 36: ndani 26, lori likitembea. Likisimama kwenye foleni, hewa ya kwenye tundu inapanda hadi nyuzi 16 au 17 na kabini inarudi kwenye 29. Nikiongeza kidogo mwendo wa injini kwa kebo ya mkono, inashuka tena.

Neno moja la tahadhari: ukishaziba kabini na ukawa unazungusha hewa ya ndani tu, weka kengele ya kaboni monoksidi. Ekzosi iko karibu na mlango, na gasketi za magari ya umri huu zina tabia zake.

Kuhusu gesi sina mengi. Ni R134a, alijaza fundi mwenye mashine yake. Alivuta hewa yote kwa pampu kwa saa nzima, akafunga vali, tukangoja nusu saa tuone kama geji inarudi. Kwa kuwa mfumo wa kujiundia hauna kibandiko cha kusema ujazwe gramu ngapi, alijaza polepole huku akisoma presha za pande zote mbili, feni zikiwa kwenye kasi ya mwisho. Fundi anayekwambia "weka kopo mbili zinatosha" bila kuangalia geji, mshukuru na uondoke.

Nguvu? Injini ina farasi kama 130 na ushee, lori tupu lina karibu tani sita, kwa hiyo kila farasi anahesabika. Klachi ikishika unaisikia mguuni. Kwenye mlima nazima AC kabla sijashusha gia, sehemu tambarare siisikii kabisa. Kelele ya feni ambayo watu hulalamikia kwenye magari mengine siwezi kuitathmini: ndani ya M35A2 ikiwa kilomita 70 kwa saa husikii feni, husikii redio, na mazungumzo ni ya ishara.

Seti yenyewe naipa nyota tatu kati ya tano. Evaporeta ni imara, feni za kondensa zimekula vumbi kiangazi kizima bila kulalamika, na hozi, ukiondoa kosa langu, ni nzuri. Nyota moja nimeikata kwa koili ya volti 12, nyingine kwa maelekezo ya kurasa mbili yasiyosema lolote kuhusu puli. Kama ningeanza upya ningenunua seti hii hii, lakini ningeiacha ndani ya boksi hadi sakafu, paa na milango viishe.

Kilichobaki hakijatatuliwa ni maji. Evaporeta inakamua unyevu mwingi, na mpira wa kutolea maji una mteremko mdogo, kwa hiyo lori likiegemea kushoto maji hujikusanya kwenye sinia, kisha kwenye kona ya kulia humwagika yote kwa mkupuo juu ya magoti ya abiria. Nimeshakunja mpira huo mara nne kwa namna nne tofauti. Mwenzangu anayekaa upande huo sasa haulizi tena. Ana taulo lake nyuma ya kiti, na kona ikikaribia analitandika mwenyewe.