Ekstensheni ipi ununue kwa nyumba ya Lamu

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilijengwa kwa matumbawe na boriti kabla umeme haujafika, na soketi zilizotiwa baadaye ni chache. Ikiingia Ramadhani, friji, blenda ya sharubati na birika vyote hugombea soketi moja. Ekstensheni nimezipanga kuanzia inayofaa zaidi.

1. Soketi mpya ukutani. Hii si ekstensheni, lakini kwa kifaa cha kukaa mwaka mzima, pesa zako zianzie hapa. Fundi mwenye leseni avute waya wa milimita za mraba 2.5, na kwenye bodi aweke swichi ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja. Kuta zetu hunywa unyevu na chumvi, kwa hiyo swichi hiyo usikubali iachwe.

2. Ekstensheni ya waya mnene. Soma maandishi yaliyo kwenye waya wenyewe: nyuzi ziwe tatu, kila mmoja milimita za mraba 1.5, na plagi iwe na fyuzi ya ampia 13. Kwa volti 240, ampia 13 ni wati 3120. Birika la wati 2000 pamoja na pasi ya 1500 zimeshapita hapo, hata kama soketi nyingine mbili ziko wazi.

3. Ya kuzungusha kwenye gurudumu. Yafaa kwa harusi au kazi ya siku moja. Ifungue yote, maana ikibaki imejikunja joto hukosa pa kutokea na ganda huyeyuka.

4. Ile ya bei rahisi yenye matundu ya kupokea plagi za kila aina. Usiinunue. Waya wake mara nyingi ni 0.75, unaobeba ampia 6 tu. Ukiwekewa fyuzi ya 13, waya utaungua fyuzi ikiwa nzima. Na juu yako kuna makuti!

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), kisha tuma SM# na nambari ya kibali kwa 20023 uone kama ni ya kweli. Chomeka plagi palepale dukani, ikicheza, irudishe.

Nyumbani, hewa ya bahari hula shaba. Ukiona kijani kwenye pini, au plagi inapata moto, usiifunge tepu. Ichomoe, ukate waya karibu na plagi ndipo uitupe, mtu asije akaiokota akaitumia.