Seva ya ofisini au wingu? Mwongozo wa kununua kwa biashara za Tanga

Seva ni kompyuta inayotunza data ya ofisi nzima; wingu ni seva za kampuni nyingine unazozifikia kwa intaneti. Kabla ya kuuliza bei, jioni moja baada ya kufunga duka, chomoa waya wa rauta kisha ujaribu kukata risiti. Inatoka? Stoo ya Kange bado inaona kilichouzwa Ngamiani? Halafu zima umeme, uangalie kipi kinabaki hai na kwa dakika ngapi. Mpangilio ulio hapa chini, kuanzia bora hadi usiofaa, umetokana na maswali hayo.

Ya kwanza: mseto

Kaunta inaandika mauzo kwenye kompyuta ya hapohapo hata intaneti ikiwa imekufa, na mtandao ukirudi inayapeleka kwenye wingu. Kwa maduka ya jumla, famasi, vifaa vya ujenzi na hoteli ndogo, nunua hii.

Kila muuzaji wa programu atakwambia yake inafanya kazi bila intaneti. Usikubali kwa mdomo. Akiwa amekaa hapo, chomoa rauta, uza bidhaa kumi kwenye kaunta mbili kwa wakati mmoja, zima kompyuta moja na kuiwasha, ndipo urudishe mtandao. Sasa hesabu stoo. Mauzo yakipotea, yakiingia mara mbili, au namba za risiti zikigongana, achana nayo. Namba hugongana kwa sababu kila kaunta ilijipa namba bila kujua mwenzake ametoa ipi. Programu iliyotengenezwa vizuri huipa kila kaunta herufi yake, A-0001 hapa na B-0001 kule.

Mauzo ya siku moja ni data ndogo sana. Kazi iko kwenye kuhamisha kumbukumbu za zamani: GB 200 za nyaraka zilizoskaniwa, kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10, zinakula saa 44 mfululizo, na hapo mtandao haujayumba hata kidogo. Uliza kasi ya kupandisha, maana inayotajwa kwenye matangazo mara nyingi ni ya kushusha.

Ya pili: wingu peke yake

Inawafaa mawakala wa forodha, wahasibu na ofisi za watu wasiozidi 15 ambao kazi yao tayari ni ya mtandaoni. Huna seva ya kulinda, na bosi akiwa Dar anaona hesabu zilezile.

Piga hesabu ya miaka 5, usiangalie ada ya mwezi. Watu 8 kwa dola 10 kila mmoja kwa mwezi ni dola 4,800, na shilingi ikishuka unalipa zaidi kwa huduma ileile. Uliza pia kama bei imejumuisha VAT, na kama siku ukiondoka utapewa data yako yote kwa faili la Excel au CSV. Asiyetaka kuliandika hilo kwenye mkataba, mpite.

Kuwa na laini mbili za intaneti, faiba na ya simu, lakini jua mpaka wake. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoathirika zaidi. Laini mbili zinazopita kebo zilezile baharini zinaanguka pamoja.

Kama unatunza taarifa za wateja au wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Muulize mtoa huduma seva zake ziko nchi gani, akujibu kwa maandishi.

Ya tatu: seva ya ofisini pekee

Ni ya kiwanda, studio ya michoro, au sehemu yenye mafaili makubwa yanayofunguliwa siku nzima. Hapa kasi ya ndani haina mpinzani. Ila hewa ya Tanga haina huruma na mashine: unyevu na chumvi ya bahari huleta kutu ya kijani kwenye shaba, na vumbi hushikana kwenye feni kama sufi. Seva iwe kwenye chumba cha ndani, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, isafishwe kila miezi 3.

Nunua diski mbili zinazoandika kitu kilekile ili moja ikifa kazi iendelee. Hiyo bado si bakapu, yaani nakala ya akiba: ukifuta faili, linafutika kote kuwili. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo.

UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya VA 1500 hutoa takriban wati 900. Unganisha ule waya wa USB kutoka UPS hadi kwenye seva, ambao mafundi wengi huuacha ndani ya boksi. Bila huo seva haijui umeme umekatika, na inazimika ghafla betri ikiisha. Printa ya leza isichomekwe humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri za UPS, zile za madini ya risasi, hupungua umri kwa nusu hivi kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, kwa hiyo weka bajeti ya kuzibadilisha.

Seva ya wati 100 inayowaka usiku na mchana inakula uniti 72 kwa mwezi. Zidisha na bei iliyo kwenye risiti yako ya LUKU, uongeze kiyoyozi.

Ya mwisho: kompyuta moja ya kaunta na flashi

Usinunue. Flashi inayokaa imechomekwa huliwa na kirusi kilekile kilichokula kompyuta, na TRA inataka kumbukumbu za miaka 5.

Chochote utakachochagua, bakiza malipo ya mwisho hadi fundi achukue nakala ya jana, airudishe kwenye kompyuta nyingine mbele yako, na ufungue risiti tatu uzijuazo.