Risasi za .22 zilivyoadimika, na duka ambalo sijalisamehe

Jamani mlioko Minnesota mnaopenda kuwinda kindi na sungura, nisikilizeni maana hasira bado ninazo. Jina la duka silitaji, ila wa huku kaskazini ya Minneapolis mtalijua tu. Bunduki zao nzuri, siwezi kusema uongo, lakini kwenye risasi za .22, zile ndogo za kuwindia wanyama wadogo na kulengea shabaha, kipindi kile cha korona walinifanyia kitu ambacho mpaka leo nikipita pale damu inanichemka.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. 2020 watu Marekani nzima walivamia maduka ya bunduki, wengine ndo mara yao ya kwanza kabisa, Remington, kampuni ya kutengeneza bunduki na risasi, nao wakafilisika mwaka huohuo, shelfu zikabaki tupu. Lile boksi la risasi 500 nililozoea kulipata kwa dola ishirini na kitu likawa halionekani. Na kinachoniuma zaidi, kiwanda cha risasi cha Federal kiko Anoka hapo, pua na mdomo na ninapoishi, risasi zinatengenezwa pale halafu mimi sizipati!

Basi siku hiyo nimefika kabla hawajafungua, baridi ya kukata masikio, nikapanga foleni na wazee wengine. Kuingia tu naona kwa macho yangu maboksi yamepangwa nyuma ya kaunta, karibu na mashine ya kadi. Naomba moja. Kijana wa kaunta hata kichwa hainui, ananiambia hizo ni za wanaonunua bunduki. Nikamweleza bunduki ninayo, nataka kumfundisha mtoto kulenga shabaha. Ndo akacheka, akasema kama nimechoka kutafuta si nijaze upya mwenyewe nyumbani maganda niliyokwishapiga. Kujaza! Ganda la .22! Yaani mtu anauza risasi hajui kwamba ya .22 haina kiwashio cha kuchomoa, dawa ya kuwashia imo ndani ya ule ukingo wa kitako cha ganda, pini ikishagonga ukingo unabonyea na ganda ndo basi tena, la kutupa. Za 9mm, zile za bastola, sawa, watu wanajaza, lakini hizi wapi. Angesema hamna ningeondoka zangu, biashara naielewa. Lakini kunidanganya na kicheko juu? Na kabla sijafika mlangoni nasikia anamwita mzee mmoja kwa jina, boksi hilo linatoka, na bunduki huyo mzee hajanunua hata moja.

Baadaye kidogo nikaenda kwenye maonyesho ya bunduki, nakuta meza ina maboksi yaleyale kwa dola 80, na kibandiko cha bei cha duka lile kimebanduliwa nusu, nusu imebaki. Nikaligeuza geuza lile boksi mpaka mwenye meza akaniuliza nanunua au natazama. Sikununua, bora nisipige kabisa. Sasa sijui kama duka lenyewe linahusika au ni walanguzi tu wanaodamka kabla yetu, na kama ni walanguzi basi pengine nalionea duka.

Tena haki yake nimpe, kuna mama mtu mzima wa zamu ya jioni. Yeye aliandika namba yangu kwenye daftari na mzigo ulipoingia akanipigia kweli, kila mtu boksi moja, awe anamjua hamjui, bei ya kawaida. Ukimkuta huyo, duka ni zuri, labda zuri kuliko yote ya huku, nasema kwa moyo mmoja. Ila mbona yule kijana bado wamemweka kaunta? Wenye duka hawaoni? Hapana, siwasifii.

Siku hizi .22 zimerudi, hata maduka ya vifaa vya shamba wanazo, mimi nanunua huko boksi mojamoja kila nikipita naweka akiba. Mkilazimika kwenda pale nendeni jioni mumuulizie mama, asubuhi msijisumbue.