Pilonsiyo kwa bunyuelo za Krismasi: nimepika shira tatu nipate jibu

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena jikoni kwangu. Nipo Chicago, theluji imelala nje tangu juzi, na leo nina bidhaa moja tu ya kuwachambulia. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaiona? Kipande kigumu cha rangi ya kahawia iliyokolea, umbo lake kama pia iliyokatwa ncha. Sikilizeni nikiigonga mezani. Ko, ko, ko. Jiwe kabisa.

Mtu wa kwetu akiinusa hii amefumba macho atasema ni sukari guru, na hatakuwa mbali. Wameksiko wanaiita pilonsiyo. Kwenye pakiti utaikuta imeandikwa piloncillo. Hizo L mbili zinatamkwa kama Y. Nimeinunua mtaa wa 26, kule La Villita, ambako ukishapita chini ya lile lango la kukaribisha wageni kwa Kihispania ni maduka ya Wameksiko kushoto na kulia. Kipande hiki kina wakia 8, yaani gramu 227, na nilikilipia chini ya dola 3.

Swali langu ni hili: ukitaka kupika bunyuelo za Krismasi nyumbani, ni lazima uihangaikie sukari hii, au ile ya kahawia ya supamaketi inatosha? Nimepika shira tatu tangu asubuhi ili niwajibu kwa ulimi wangu.

Kwa wasioijua bunyuelo, ni mduara mwembamba wa unga wa ngano, mpana kama chapati, unaokaangwa kwenye mafuta mengi mpaka ukauke na uvunjike kwa sauti. Meksiko wanaila hasa msimu huu. Inaanza kuonekana kwenye sikukuu ya Bikira Maria wa Guadalupe, tarehe 12 Desemba. Kisha zinakuja posada, zile jioni 9 kuanzia tarehe 16 hadi 24, watu wakienda nyumba hadi nyumba wakiigiza Yosefu na Maria wanaotafuta pa kulala. Na inaendelea hadi Siku ya Wafalme, yaani wale Mamajusi, tarehe 6 Januari. Kuna sehemu wanainyunyizia sukari na mdalasini ikabaki kavu. Kwingine, kama Oaxaca na Michoacán, inamwagiwa shira. Walioipeleka kule ni Wahispania, na Hispania yenyewe ilikuwa ikikaanga vitafunio vya namna hii tangu enzi za Waislamu wa Andalusi. Kwa hiyo wewe uliyekulia Pwani, kila ukila kaimati zilizokolea shira mwezi wa Ramadhani, unakula ndugu wa mbali wa bunyuelo.

Mimi niliionja kwa mara ya kwanza kwa jirani yangu, mama wa Guadalajara ninayemwita Doña kwa heshima. Alinipa kipande kwenye bakuli, shira ikiwa bado ya moto, na nikanyamaza kidogo. Shira ile ilinirudisha Tanga, jikoni kwa bibi, bila mimi kutegemea. Nikamuuliza umeweka nini humu? Akafungua kabati akaniwekea kipande cha pilonsiyo mkononi.

Sasa, kinachoitofautisha na sukari nyingine ni jinsi inavyotengenezwa. Muwa unakamuliwa, maji yake yanachemshwa kwenye makarai makubwa mpaka yawe mazito, kisha yanamiminwa kwenye kalibu za umbo hili yagande. Basi. Haisafishwi, kwa hiyo molasi, ule utomvu mzito mweusi wa muwa, yote inabaki ndani. Huasteca ya San Luis Potosí ni eneo la Meksiko linalosifika kwa kazi hiyo, na familia nyingi za Watenek, wenyeji wa asili wa huko, wanaitengeneza kule kule mashambani kwao. Sukari ya kahawia ya supamaketi imepita njia nyingine: mara nyingi ni sukari nyeupe iliyokwisha kusafishwa, halafu ikarudishiwa molasi kidogo ipate rangi na unyevu. Kwa macho zinafanana. Subirini tufike kwenye ulimi.

Hizi hapa sufuria zangu tatu. Ya kwanza ina pilonsiyo nyeusi. Ya pili ina sukari ya kahawia ya supamaketi. Ya tatu, na hii niliifanya kwa ajili yenu, ina sukari guru niliyoitoa kwenye duka la Wahindi, Devon Avenue. Zote zimepata vitu sawa: gramu 227 za sukari, vikombe 2 vya maji, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 2, ganda la nusu chungwa, na nusu kijiko cha chai cha mbegu za anisi. Ukikosa anisi, shamari inakaribia. Moto mdogo, dakika 20, bila kufunika.

Mdalasini nao niuseme, kwa sababu hapa Marekani watu wanakosea. Ule mgumu mnene kama kigogo ni mkali na unatawala sufuria nzima. Wameksiko wanatumia ule mwororo wenye matabaka membamba kama karatasi, unaovunjika kwa vidole viwili. Huo unatoka Sri Lanka, na Meksiko ni kati ya wanunuzi wake wakubwa duniani. Kwenye maduka yao umeandikwa canela. Chukua huo.

Haya, tuonje. Naanza na sukari ya kahawia. Ni tamu, ina harufu nzuri ya chungwa na karafuu, lakini utamu unakuja mara moja kisha unaondoka. Viungo vinasikika, sukari yenyewe haisemi kitu. Ukimpa mgeni ataishukuru. Mimi ningeiongeza viungo maradufu ili ijulikane ni ya sikukuu.

Pilonsiyo. Hii inaanza taratibu. Unapata utamu, halafu kwa nyuma kinakuja kitu kama moshi, kama muwa uliochomwa, na uchungu mdogo sana mwishoni unaofanya utamani kijiko kingine. Rangi yake, tazameni nikiinua kijiko, ni nyekundu iliyoiva, na mwanga unapita. Na imeshika kijiko vizuri zaidi kuliko ile ya kwanza.

Sukari guru. Ndugu zangu, hii imenipa furaha. Iko karibu sana na pilonsiyo! Ina ladha ya udongo kidogo, ina kachumvi kwa mbali, na rangi yake imefifia, haina wekundu ule. Ila ule uzito wa muwa upo. Kama uko Kisumu au Kakamega, na sukari guru inatengenezwa jirani yako kabisa, usiagize pilonsiyo kutoka popote. Ongeza karafuu moja na upike dakika 5 zaidi. Wa Muscat na Dubai mnaipata kwenye duka lolote la Kihindi.

Kwa hiyo jibu langu: pilonsiyo ya kwanza, sukari guru ya pili kwa karibu sana, sukari ya kahawia ya tatu kwa mbali. Kwenye chakula hiki unga unaweza kuufupishia njia, nitawaonyesha, lakini sukari usiibadilishe ovyo, maana shira ndiyo inayobeba ladha.

Kasoro zake nazo nizitaje. Ya kwanza ni huu ugumu. Usijaribu kuikata kwa kisu, kisu kinateleza na vidole viko hapo hapo. Kama unaitumia yote, itumbukize nzima kwenye maji baridi, washa moto, itayeyuka yenyewe. Kama unataka nusu, ifunge kwenye kitambaa kizito uipige kwa mchi. Kasoro ya pili: shira yake inatoa povu juu, na mara nyingine utakuta vijiuzi vya muwa. Engua povu, kisha pitisha kwenye chujio. Hazidhuru, zinachafua tu sura ya shira.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Si kila kinachouzwa kwa umbo hili ni maji ya muwa matupu. Mwaka jana nilinunua iliyosagwa, kwenye mfuko, nikaipika kwa haraka bila kusoma. Shira ikatoka tamu tupu. Nilipogeuza mfuko nikakuta imeandikwa sukari, na baada yake rangi. Kwa hiyo geuza pakiti usome viambato. Unataka kitu kimoja tu kwenye orodha: maji ya muwa, au pilonsiyo yenyewe. Na ukikuta za rangi mbili, ile nyeupe inaitwa blanco na nyeusi inaitwa oscuro. Kwa shira hii chukua oscuro. Alama yangu ni 9 kati ya 10.

Sasa tukaange, mafuta yameshapata moto. Unga wangu nimeukanda mapema: vikombe 3 vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, yai 1, vijiko 2 vya siagi iliyoyeyushwa, na karibu robo tatu ya kikombe cha maji ya uvuguvugu. Maji usiyamwage yote kwa mpigo. Kanda dakika 10 mpaka uwe laini kama sikio, funika, uache upumzike nusu saa. Katika familia nyingi za Meksiko maji ya kukandia huchemshwa kwanza na maganda makavu ya nyanya za kijani, zile zenye koti la karatasi, wakisema yanaupa unga wepesi. Doña anafanya hivyo. Mimi nimechemsha na anisi tu.

Mikono iliyozoea chapati iko nyumbani hapa. Madonge 14, kila donge sukuma mpaka uone kivuli cha kiganja chako upande wa pili. Chapati ungesimamia hapo, ila bunyuelo inataka iendelee. Kuna aina inayoitwa ya goti: mpishi anaketi, anatandika kitambaa safi juu ya goti, anauweka mduara pale na kuuvuta pole pole kingo zote mpaka uwe kama utando. Nimeona Doña akifanya na hautoboki. Mimi nasukuma kwa mti, kisha navuta kidogo kwa vidole, hivi.

Sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nyingi zinaharibikia: ukishasukuma, usikaange papo hapo. Zitandaze juu ya kitambaa dakika 10 zikauke uso. Ikiingia mbichi mafutani inavimba puto moja kubwa na kunywa mafuta. Ikiwa imekauka kidogo inatoa malengelenge madogo madogo, na hayo ndiyo yanayoshika shira. Mafuta yawe nyuzi 180 hadi 190 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Tupia kipande cha unga. Kikipanda juu mara moja kikichemka pembeni, ingiza. Nusu dakika upande mmoja, geuza, nusu dakika. Tazameni rangi hiyo. Toa, isimamishe wima kwenye chujio, mafuta yachuruzike.

Na kwa mwenye haraka, au mwenye watoto wanaovuta nguo yake, ipo njia ya mkato inayotumika kwenye nyumba nyingi za Wameksiko hapa Marekani. Chukua tortila za ngano za dukani, zile chapati nyembamba za Kimeksiko, kaanga hivyo hivyo, nyunyizia sukari na mdalasini zikiwa bado za moto. Nimezipika, hizi hapa. Zinavunjika vizuri, ila ni nzito kidogo na hazina malengelenge. Kwa shira ya pilonsiyo juu, mgeni wako hatauliza. Na hata chapati ya jana iliyobaki, ikikatwa vipande na kukaangwa, inafanya kazi, mradi haikupikwa na mafuta mengi.

Shira imwage wakati wa kula tu. Ukiimwaga mapema unapata kitu laini, na kuna wanaoipenda hivyo, wanaivunja ndani ya bakuli wakaila kwa kijiko. Oaxaca mjini, siku za Krismasi, kwenye uwanja ulio karibu na kanisa kuu, wanakupa bunyuelo yenye shira kwenye kisahani cha udongo. Ukimaliza unanuia jambo moyoni, unakirusha kisahani nyuma kikavunjika. Tarehe 23 Desemba uwanja huo huo unakuwa na Usiku wa Figili, sherehe iliyoanza mwaka 1897, mafundi wakichonga figili kubwa kuwa sanamu za watakatifu na wanyama, na vigae vya visahani vinajaa chini. Natamani kwenda mwaka mmoja nikasimame pale.

Haya, hii ya kwanza ni yangu. Sogea, maikrofoni... mmesikia? Kavu hiyo. Shira imeingia kwenye malengelenge, imebaki juu kama vitone. Mmh. Harufu ya chungwa inakuja mwisho.

Shira iliyobaki nimeiweka kwenye chupa ya kioo, inakaa friji wiki mbili bila tabu. Usiiache tu humo. Wameksiko wana kahawa yao iitwayo café de olla, inayochemshwa na pilonsiyo na mdalasini kwenye chungu cha udongo. Kesho saa 12 asubuhi, kabla sijatoka kukwangua barafu kwenye gari, nitachemsha kahawa yangu kama tunavyoichemsha kwetu, nimimine vijiko viwili vya shira hii, na nitavunja bunyuelo moja pembeni.