Kipima mkondo cha ziwani, na kijana aliyeniuzia

"Kaka, hiki kimeingia maji. Waranti ya maji hakuna." Ndivyo alivyonijibu kijana aliyeniuzia, pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nilipokirudisha kifaa cha kupimia mkondo wa maji. Wa maji, jamani! Alitaka nikizamishe kwenye gunia la mchele?

Nafuga perege kwenye vizimba upande wa Matema. Mwera, ule upepo wa kusini, ukivuma, maji ya juu yenye joto yanasukumwa kuja huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Upepo ukikata yanarudi, ya baridi yanapanda, na samaki wanasusa chakula. Chakula chenyewe bei yake mnaijua. Kwa hiyo nikanunua. Kifaa hakina makuu: unakifunga kwenye nanga kinasimama wima, mkondo ukikisukuma kinainama, na chenyewe kinaandika kimeinama kiasi gani, kimeelekea wapi, na joto la maji.

Tulipokitoa nikaona matone ndani. Mpira wa kuzibia, mwembamba kama uzi wa kushonea, ulikuwa umechanika pembeni, na vichwa vya betri vimeota kutu ya kijani. Na aliyekifunga ni yeye, mbele yangu, akanionya nisiguse kabisa! Sasa anakishika kwa vidole viwili, spika ya simu iko sikioni, ananiuliza, "Ulikiweka wapi?" Ziwani, bosi. Tena Nyasa ni maji baridi, hayana chumvi. Baharini si kingeoza siku ya kwanza?

Msinunue. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haipo.

Ila niseme ukweli, maana fundi simu mmoja alikisafisha, akaweka betri mpya, na kumbukumbu zote zikatoka hadi pale maji yalipoingia. Betri kufa hakufuti kitu. Nikauangalia mchoro wa joto: umetulia, umetulia, halafu usiku mmoja umeporomoka. Asubuhi yake ndipo perege walipogoma kula! Miaka yote sikuwa na uhakika, nikawa nalaumu chakula. Basi kifaa nyota nne. Tatu, ule mpira bado unaniuma, ingawa mwingine nimeupata kwa fundi pampu kwa bei ya soda na hadi sasa haujavuja.

Juzi yule kijana kanitumia ujumbe, eti ameleta mzigo mpya. Nimemjibu nitakuja, lakini kwanza akizamishe kwenye ndoo nikiwa nimesimama hapo hapo.