Rush: filamu imekwisha, ubishi Malindi haujaisha

Tahadhari kwanza: usiitazame na mama mkwe. Dereva wa mbio za magari James Hunt alikuwa mtu wa anasa, na mwongozaji Ron Howard hakumsitiri. Sisi tuliiona kwenye banda la video huku Barani, Malindi, watu wa gereji na wa tuktuk, pamoja na wazee wawili Wataliano waliokuja na viti vyao wenyewe.

Filamu ni ya 2013 na inasimulia msimu wa 1976 wa mbio za magari za Formula One. Hunt, Mwingereza, yuko timu ya McLaren; Niki Lauda wa Austria, bingwa wa 1975, yuko Ferrari. Mimi damu yangu ni Safari Rally, mbio za magari za hapa Kenya. Ukinitajia 1976 nitakutajia Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake, ushindi wake wa tatu wa Safari. Ila ukiishi Malindi, mji wenye Wataliano wengi, Ferrari yao utaijua upende usipende. Hata tuktuk zetu zina stika ya yule farasi wa nembo yake.

Chris Hemsworth anamwigiza Hunt na yuko sawa, sura inambeba. Lakini Daniel Brühl ndiye aliyeniweka kitini. Meno yale, lafudhi ile, na jinsi Lauda wake asivyojua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna kipande gari linawaharibikia njiani huko Italia, yeye na Marlene, atakayekuwa mkewe. Marlene anasimamisha gari, vijana wawili wanapiga breki, wanashuka mbio, halafu wanampita yule mrembo kama hayupo na kumkimbilia Lauda. Wamemtambua! Wanambembeleza awaendeshee gari lao. Hapa kwetu Kitaliano ni lugha ya kutafutia riziki, kwa hiyo banda zima lilicheka kabla maandishi ya tafsiri hayajatokea.

Kicheko kilikatika Nürburgring, Ujerumani. Tarehe 1 Agosti, njia ya karibu kilomita 23 ikipita msituni, sehemu nyingine imelowa, nyingine kavu. Ferrari inaacha njia, inarudi barabarani ikiwaka, na Lauda yumo ndani. Waliomchomoa motoni ni madereva wenzake. Hospitalini anasafishwa mapafu kwa mpira unaopitishwa kooni, huku kwenye televisheni Hunt anazidi kuokota pointi. Kisha inakuja helmeti. Anajaribu kuivaa juu ya bandeji, anaisukuma kidogo, inakwama, anapiga ukelele, anashika tena. Muuza njugu alisahau biashara yake. Wiki sita baada ya ajali Lauda aliendesha Monza, Italia, na kumaliza wa nne, na hapo filamu haikuongeza kitu.

Chumvi imetiwa kwingine. Hunt anampiga mwandishi wa habari aliyemuuliza Lauda swali la kishenzi kuhusu uso wake. Banda lilishangilia, lakini ni la kubuni. Hilo naliachia, sinema ni sinema. Linaloniudhi ni ule uhasama. Hunt na Lauda walikuwa marafiki tangu wakiwa vijana wasio na kitu, hata wakakaa nyumba moja London. Filamu imewafanya paka na panya kwa karibu saa mbili, halafu mwishoni inatuambia waliheshimiana. Kumfukuzia pointi mtu usiyempenda ni rahisi. Kumfukuzia rafiki yako, ukijua wiki ijayo mmoja wenu anaweza kuzikwa, ndiyo hadithi niliyoitaka, na ilikuwepo tayari bila kubuni chochote.

Sasa Fuji, Japani, mbio za mwisho, ambapo ndipo wazee wetu walipoanza kupandisha sauti. Lauda anaongoza kwa pointi 3. Mvua ni ya kumwagwa, ukungu umetanda. Anaendesha mizunguko miwili, anaingia kando, anashuka. Hunt anamaliza wa tatu na kuwa bingwa, 69 kwa 68. Mzee mmoja akasema Lauda aliisaliti Ferrari, maana mvua baadaye ilikatika. Mwenzake akamjibu kwa Kitaliano ambacho sitakiandika hapa.

Mimi niko na huyo wa pili. Emerson Fittipaldi na Carlos Pace nao waliegesha magari siku hiyo na hakuna anayewaita waoga. Zaidi ya hayo, kope za Lauda zilikuwa zimeungua, hazifungi vizuri. Mhandisi wa Ferrari, Mauro Forghieri, alikuwa tayari kuwaambia watu injini ndiyo iliyokufa. Lauda akakataa, akasema ameacha mwenyewe. Mtu anayekataa uongo wa kumwokoa jina mbele ya dunia nzima, kisa chake kilistahili nafasi kubwa kuliko mbio za Hunt kubadilishiwa tairi siku hiyo.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Sauti za injini peke yake zinalipa kiingilio, basi itafuteni mahali penye spika za maana, si za simu. Nyota ya tano naizuilia kwa sababu ya 1977, ambayo filamu inaipitia kwa maneno tu. Mwaka huo Lauda aliwarudishia Ferrari ubingwa, kisha akawaachia gari lao huku mbio mbili za msimu zikiwa bado. Mzee wa kwanza alipokumbushwa hilo alibeba kiti chake akaenda nyumbani.