Kishikio cha lenzi mbili chini ya maji: uzoefu wangu Mafia

Natumia kamera ya Olympus TG-6 ndani ya kasha lake la kuzuia maji, PT-059. Kamera yenyewe inahimili maji hadi mita 15 na kasha linafika mita 45, kwa hiyo kwa mbizi za Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, kina hakinisumbui. Kinachosumbua ni lenzi. Ukiwa nyuma ya kioo bapa, maji yanapinda mwanga na picha inabana: lenzi ya mm 25 inaona kama ya mm 33 hivi. Chewa mkubwa akikusogelea, unapata nusu chewa.

Dawa yake ni lenzi za nje, zile zinazofungwa mbele ya kasha na kubadilishwa humo humo majini. Ninazo mbili, ya pana inayoona eneo kubwa na ya kukuza vitu vidogo, zote za uzi (mifereji ya kufungia kama ya skrubu) wa mm 67. Uzi wa kasha langu ni mm 52, hivyo kuna pete ya kuunganisha katikati. Mpiga picha wa nchi kavu anaacha lenzi ya pili kwenye begi na kuifuata akiihitaji. Sisi tukishazama, tulichokuja nacho ndicho hicho.

Kabla sijapata kishikio, lenzi ya akiba ilikaa kwenye mfuko wa jaketi la kuzamia, ikiwa ndani ya kifuko laini. Wengi bado hufanya hivyo na kwa mbizi za polepole inatosha. Lakini Kinasi Pass, mlango wa kuingilia ghuba hiyo, maji yanapoingia ghubani kwa nguvu, hasa siku za bamvua, mkono mmoja umeshika kamera na mwingine unapapasa zipu, na ukiinua kichwa mkondo umeshakupitisha mwamba uliokuwa na mkunga wako. Ndiyo maana nikaagiza kishikio. Ni kipande cha plastiki ngumu kinachobana kwenye mkono wa taa, yaani fimbo inayobeba taa kando ya kamera, chenye uzi pande zote mbili, kila upande unabeba lenzi moja.

Kwa kazi yake kuu nakisifu bila kusita. Lenzi ninaiona muda wote na sihitaji kupapasa. Nikikuta konokono wa bahari wa rangi, mdogo kama kucha, natoa ya pana, naipachika kwenye kishikio, nafungua ya kukuza, naifunga mbele. Kamera hii ina hali ya mikroskopu inayokubali kitu kilicho sentimita 1 tu mbele yake, ila ukisogea kiasi hicho unakiwekea kivuli mwenyewe, na kamba anarudi shimoni. Kwa lenzi ya kukuza pamoja na zumu nabaki nyuma kidogo, na taa inapata nafasi ya kufika.

Kuna jambo muuzaji hakulieleza: lenzi ikifungwa majini, mapovu hubaki kati yake na kioo cha kasha, na picha inatoka na duara la ukungu. Ilegeze kidogo, inamisha kamera, mapovu yatoke, kisha kaza. Na yafanye haya yote ukiwa umeelea sawasawa, mbali na matumbawe. Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na mpiga picha anayepiga magoti juu ya tumbawe ili abadilishe lenzi hana tofauti na anayelivunja kwa nyundo.

Nisichokipenda ni uzi wenyewe. Kukaza kwa mizunguko mitatu minne huku unasukumwa na maji ni karaha, na chembe ya mchanga ikiingia lenzi inakwama. Wenye vifungo vya kuzungusha robo wanamaliza kwa sekunde, nami nitahamia huko pesa ikiruhusu. Pia lenzi pana ni nzito. Ikitoka mbele na kwenda ubavuni, kamera inalala upande huo na kifundo cha mkono kinaipata. Boya dogo kwenye mkono wa taa lilipunguza tatizo, halikulimaliza.

Mkirudi mashuani, usiache lenzi zikitazama jua. Ya kukuza inakusanya miale, inaweza kuunguza kitu kilicho nyuma yake. Mimi hufunika kwa kanga iliyolowa. Jioni naloweka kila kitu kwenye maji yasiyo na chumvi, natenganisha pete zote, maana chumvi ikikaukia kati ya chuma na chuma utatafuta koleo.

Kama safari yako ni ya kuogelea na papa potwe upande wa Kilindoni, msimu wa Oktoba hadi Februari, usinunue. Kule huzamii na mtungi, samaki ni mkubwa mno, unafunga lenzi pana tangu ufukweni na haitoki. Kwa wa Chole, pima kwanza unene wa mkono wa taa yako kabla ya kuagiza. Vibano vinatofautiana, na kurudisha kifurushi nje ya nchi ni gharama nyingine kabisa.